Usivue Viatu

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na cherehani haijaanza tena ule mlio wake wa kukohoa. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa kusimama kutwa. Mwambie Baba saa aliyonitengenezea inakwenda vizuri. Inawahi dakika mbili, na hapa kuwahi ndiyo heshima yenyewe. Bado amenunia uigizaji wangu? Msalimie hivyohivyo.

Usishtuke kuona karatasi. Simu zetu zinakusanywa Jumatatu na kufungiwa kabatini mpaka Jumamosi jioni, eti hadithi isivuje kabla tamthilia haijaonyeshwa. Na ukirudishiwa ukapiga, wenzako wanne wamekaa kitandani wanakusikiliza kama redio. Dereva wa kampuni anapita posta kila wiki, nimempa bahasha.

Shangazi, nimepata! Si kupita nyuma ya waigizaji na sinia. Nimepata muuguzi. Ana jina, ana mchumba, ana ugomvi na mama mkwe, na yumo katika vipindi kumi na viwili. Siku ya majaribio tulijipanga kwenye ngazi kuanzia mlangoni mpaka barabarani, nami nilikuwa karibu na barabara. Mpaka sasa nikiamka nauangalia ukurasa wenye jina la muuguzi nihakikishe halijafutwa.

Kampuni imepanga nyumba ya ghorofa, tunalala juu na kufanya kazi chini. Sebule ndiyo hospitali: pazia jeupe, vitanda viwili, na dripu ya maji ya bomba. Jikoni ndiko tunakopakwa vipodozi, kioo kimeegemezwa kwenye sinki. Ukitaka kwenda msalani lazima uruke nyaya kama mtoto anayecheza kamba. Mwongozaji ni mtu mzima, mpole, hapigi kelele. Kila mtu anamwita Mwalimu.

Sasa nakuomba kitu. Katika ukoo wetu mzima ni wewe peke yako uliyewahi kupanda jukwaani. Ulikaa na kile kikundi cha maigizo miaka miwili, kisha ukaacha ukakaa kwenye cherehani, na hujawahi kusema kwa nini. Siulizi. Nipe tu maneno ya kunisaidia, maana huku kila mtu anajua anachofanya isipokuwa mimi.

Kasuku wako


14 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, tumeshazoeana. Cherehani nimeitia mafuta imenyamaza. Shule zimefungua na kila mzazi amegundua siku moja kabla kwamba mwanawe amerefuka, kwa hiyo nalala na futi shingoni. Baba yako bado amenuna, lakini jana nilimkuta anamweleza mteja kwamba binti yake ni muuguzi. Hakusema muuguzi wa wapi.

Haya, tuje kwenye kazi. Mkataba usiusaini kwa furaha. Ukae nao usiku mmoja, usome kila ukurasa, na kila ukurasa uweke sahihi yako chini, maana kuna kurasa huwa zinaingia baadaye kama wageni wasioalikwa. Wakikuambia "hilo tutaelewana mbele ya safari", elewaneni hapohapo, mbele ya mtu wa tatu. Nakala ibaki kwako.

Dada wa mavazi mfanye rafiki kabla ya nyota yeyote. Nyota atakufundisha kulia mbele ya kamera. Dada wa mavazi anajua nani huingia chumba cha kubadilishia nguo bila kubisha hodi.

Usikubali kurudishwa nyumbani na mtu asiye dereva. Usicheke mzaha usioupenda ili tu uonekane mwepesi. Na jambo lolote likikukaa vibaya tumboni, hata dogo, niandikie mimi siku hiyohiyo, kwa mkono wako, tarehe juu. Usinipigie. Ya simuni huruka, ya karatasini ninayaweka kwenye droo ya cherehani, na ufunguo ninao mimi.

La mwisho, usivue viatu. Kazini, mazoezini, popote alipo mwongozaji. Vaa vya kamba, mafundo mawili. Cheka ukitaka, lakini fanya.

Halafu, huyo Mwalimu wenu. Hebu niambie, anatafuna kifuniko cha kalamu?

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi,

Shikamoo, na pole na wazazi wa watoto wanaorefuka usiku. Mimi mzima. Mkataba nimeusoma, nimeweka sahihi kila ukurasa mpaka karani akaniuliza kama nina kesi. Dada wa mavazi tumeshakuwa chanda na pete. Ana mdomo huyo! Anasema wewe na yeye mngefungua ofisi.

Ila la viatu, jamani! Nililisoma kwa sauti chumbani, mwenzangu mmoja akapaliwa na chai. Nikawaambia msimcheke, Shangazi yangu aliwahi kuibiwa viatu mchana kweupe. Nikawasimulia vilevile anavyosimulia Baba kila tunapokutana: ulivyoingia uani peku, miguu imejaa vumbi, Bibi akauliza viatu viko wapi, ukasema mwizi. Bibi akakutazama juu mpaka chini akasema, "Mwizi gani huyo, anachukua viatu anaacha mkoba?" Hapo ndipo Baba hujishika mbavu, si unajua. Basi chumba kizima sasa tukitoka tunaambiana, shika viatu!

Mwalimu? Ndiyo, anatafuna. Kalamu ya bluu, kifuniko kimeliwa mpaka kimekuwa cheupe. Umejuaje? Au ndio ugonjwa wa waongozaji wote? Lakini ni mtu mzuri, Shangazi. Juzi baada ya onyesho la kifo cha mgonjwa alisimamisha kazi akasema mbele ya wote, "Huyu ana kitu." Nilitamani Baba angekuwa amesimama pale mlangoni.

Anasema nahitaji mazoezi ya ziada kidogo ili hicho kitu kitoke chote. Nijibu haraka, nasubiri.

Kasuku


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tatu sasa, na dereva kila akirudi namkimbilia mpaka ananionea huruma. Unaumwa? Nilipiga Jumamosi, Baba akapokea akasema uko salama, unashona. Akaniuliza kama nakula vizuri, akakata. Angalau ameniuliza.

Naandika kwa sababu ulisema niandike. Mwalimu ameniambia mazoezi ya ziada yatakuwa Jumamosi ya tarehe 28, saa nane mchana, kwenye nyumba yake anayokaa, kwa kuwa hapa kuna kelele. Nikamuuliza nani mwingine atakuja. Akatabasamu, akasema, "Wewe ni muuguzi wangu au mtoto wa shule?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Ulisema nisicheke na nilicheka.

Dada wa mavazi nilipomweleza alibana pini mdomoni akaendelea kupima mkono wa gauni. Baadaye akasema, "Kasema saa nane? Saa tisa nitapita hapo na nguo, niseme nimekosea siku."

Nifanye nini? Nikikataa, muuguzi wangu atakufa kabla ya kipindi cha tano. Nijibu, tafadhali.

Kasuku


27 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Natumaini u mzima, mgongo umepoa. Sisi huku hatujambo. Goti limekaza kidogo kwa baridi ya asubuhi. Baba yako kapata saa ya ukutani ya mzee mmoja, imesimama miaka tisa, kaifungua yote mezani na hakuna wa kula pale. Sare za shule zimekwisha, sasa ni mapazia. Jirani yangu kaleta kitambaa cha maua makubwa, nimemwambia nyumba yake itafanana na shamba, hataki kusikia. Mlango wa nyuma umevimba haufungi. Vitunguu vimeadimika.

Usiende Jumamosi. Sema umeteguka mguu. Sema Shangazi yako kaja ghafla. Sema lolote.

Ukilazimika kwenda usiende peke yako, na viatu nilivyokuambia.

Usiniulize zaidi, mwanangu. Nilianza barua hii mara nne.

Shangazi


28 Machi, Jumamosi, saa kumi na mbili jioni

Shangazi,

Shikamoo. Naandika siku hiyohiyo kama ulivyosema. Nisamehe mwandiko.

Barua yako haijafika. Nilikwenda. Nilivaa raba zangu, mafundo mawili, na wenzangu walinitania mpaka getini.

Nyumba yake iko ghorofa ya tatu. Kuna zulia la kijani, meza yenye skripti, na dirisha linalotazama ukuta. Tulisoma onyesho moja, vizuri tu. Kisha akafunga mlango kwa ufunguo akasema watoto wa jirani wanasumbua. Akakaa na ile kalamu mdomoni akanitazama. Halafu akasema, "Vua viatu. Mwigizaji lazima aihisi sakafu."

Nilicheka, Shangazi. Si kwa mzaha wake. Nilikuona wewe na futi yako shingoni. Yeye akadhani nimekubali, akapiga goti mwenyewe akaanza kufungua kamba. Mafundo yakamkatalia. Alivuta, akacheka, akaniita majina ya mapenzi, akashika mguu juu ya kifundo, akaendelea kupanda. Nikarudisha mguu kwa nguvu, sijui nilimpiga wapi. Aliponyanyuka sura haikuwa ya mpole. Akasema, "Una kiburi, na kiburi hakina kipindi cha pili." Hapo ndipo mlango ukagongwa. Dada wa mavazi, na gauni mkononi, anapaza sauti ngazi nzima kwamba amekosea siku. Hata saa tisa ilikuwa haijafika. Mwalimu akafungua. Nikatoka mbio.

Viatu ninavyo miguuni mpaka sasa. Siwezi kuvivua.

Ulijuaje, Shangazi? Si kuhusu mimi kupata shida, hiyo kila mama huijua. Ulijuaje viatu?

Kasuku


8 Aprili

Kasuku wangu,

Marahaba. Nimeipata yako, nimeiweka kwenye droo. Msalimie huyo dada wa mavazi, mwambie nguo yoyote atakayotaka nitamshonea mpaka nife.

Ulifanya vizuri. Sasa rudi nyumbani. Usigombane, usimwambie mtu, funga mzigo uje. Nitakufundisha kukata mapazia. Kazi hiyo ina amani, na mtu haulizwi chochote.

Uliloniuliza sitalijibu.

Shangazi


25 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Goti lako, cherehani yako, vitunguu, natumaini vyote ni vizima.

Sikurudi. Jumatatu ile nilikuta muuguzi amepewa safari ya masomo katika nusu ukurasa, na mimi nikapewa sinia, kupita nyuma. Nilipita nyuma karibu wiki nne. Sikusema kitu, kwa sababu uliniambia nisiseme. Nilijiambia Shangazi anajua.

Nafasi ya binti mkubwa wa daktari akapewa mwenzetu tunayemwita Mdogo, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuja. Ana miaka ishirini, anaimba akiosha vyombo. Jana aliruhusiwa kutoka kazini mapema. Akasema anakwenda kwenye mazoezi ya ziada. Nilikuwa nimeshika sinia, Shangazi. Nilimsikia, nikapita nyuma kama nilivyoambiwa.

Saa kumi na moja alirudi. Aliingia uani peku. Miguu imejaa vumbi, mkoba begani. Mpishi akamuuliza, "Viatu viko wapi?" Akasema, "Mwizi."

Watu wakacheka. Mmoja akapiga kelele, "Si tulikuambia shika viatu!" Hadithi yako, niliyowaletea mimi mwenyewe. Mimi sikucheka. Nilikaa chini palepale kwenye nyaya.

Nani alikuvua viatu vyako, Shangazi?

Ulijua tangu nilipokuandikia kuhusu kalamu. Ulinyamaza wiki nne, kisha ukaniandikia habari za kitambaa cha maua! Kama ungeniambia sentensi moja tu, ningemshika Mdogo mkono pale mlangoni. Nimekukasirikia mpaka nashindwa kula. Na nimejikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu mimi nilijua na sikuwa na miaka mingi ya kisingizio.

Nimetoka kwenye ile nyumba. Niko kwa dada wa mavazi, anwani iko nyuma ya bahasha. Mdogo yuko nasi. Amelala amegeukia ukuta. Leo tumekwenda chama cha waigizaji. Katibu wao ni mama mmoja asiyepepesa macho. Akaniuliza nina nini mkononi. Nikamwambia barua, zina tarehe na mhuri wa posta, ziko kwenye droo ya cherehani. Akasema zilete. Akampigia Mwalimu simu, kisha akatuambia ukweli wake: Mwalimu amekana, anasema mimi nina hasira za kupoteza nafasi. Mdogo hataki kusimama, na hakuna wa kumlazimisha. Yangu peke yake watayavuta mpaka yachakae. Mwalimu akipona safari hii, mwezi ujao anafanya majaribio ya tamthilia nyingine. Wasichana watajipanga tena kwenye ngazi.

Kikao ni Jumamosi tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi. Nitumie barua zangu. Zaidi ya hapo sikuombi.

Kasuku


9 Mei

Mwanangu,

Salamu baadaye. Nikianza na salamu leo nitaishia kwenye vitunguu tena.

Hakuna mwizi. Nilivivua mwenyewe. Vilikuwa vyeusi, vya kuchomeka, Bibi yako alininunulia siku nilipochukuliwa na kikundi. Wakati ule yeye hakuwa Mwalimu, tulimwita Msaidizi, alikuwa na nywele nyingi na kalamu hiyohiyo mdomoni. Chumba kilikuwa nyuma ya ukumbi, sakafu ya saruji. Akasema mwigizaji lazima aihisi sakafu, nami nikaona ni jambo la kisomi. Nilivipanga vizuri kando ya mlango kama mtu anayeingia kwa wenyewe. Kisha akageuza ufunguo. Alichofanya ndicho unachodhani, na nilimwambia hapana, nilimwambia mara nyingi. Aliponiachia nilitoka mbio. Nilipokumbuka viatu nilikuwa nimeshafika barabarani, na kuvirudia sikuweza.

Nilitembea peku mpaka nyumbani. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumwambia Mama. Niliyapanga maneno, nilikuwa nayo kabisa mdomoni. Nikaingia uani, akauliza viatu, na badala ya maneno yale likatoka lile moja. Mwizi. Nilidhani ataniuliza tena. Akauliza mkoba, na kaka yangu akaangua kicheko. Alikuwa kijana, alicheka tu kwa kuwa lilichekesha. Baada ya kicheko kile sikujua tena mlango wa kurudia. Miaka ishirini na sita nimekaa nikimsikiliza akilisimulia, na mimi ndiye niliyekuwa nikigawa chai.

Uliponiandikia kuhusu kalamu nilijua ni yeye. Barua nne nilizianza, zote nikazichana. Sikunyamaza kwa sababu sikukupenda. Niliona aibu, na aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko hofu yangu juu yako. Nikadhani mafundo mawili yatatosha. Kwako yalitosha kwa bahati na kwa gauni la dada wa mavazi. Kwa Mdogo hayakutosha, na hilo ni langu. Hasira zako ni haki yako, usiziharakishe kuisha kwa ajili yangu.

Barua zako sizitumi kwa posta. Nazileta mwenyewe. Nina basi la Alhamisi asubuhi. Mwambie Katibu kuna mwanamke atakayetaja rangi ya kalamu ya miaka ile, chumba, sakafu, na maneno yenyewe neno kwa neno. Mwambie Mdogo hatalazimika kusimama. Asimame akitaka, siku akitaka. Akikaa nyumbani nitarudi kumpikia uji, na sitamuuliza kitu.

Jana nilimwambia Baba yako. Alikuwa ameinamia ile saa ya ukutani. Nilimwambia yote, nimesimama, kama nilivyokuandikia hapa. Hakuinua kichwa, nikadhani ananuna. Kisha nikaona vyuma vidogo vya saa vinamdondoka vidoleni. Akasema, "Nimelisimulia harusini kwako." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nimewasimulia watoto." Nikasema ndiyo. Akatoka nje, na usiku hakula.

Leo nimemkuta amekaa kizingitini na brashi na kopo la rangi nyeusi. Amechukua viatu vyangu vya kutokea, anavipaka, anavisugua, anaviinua kwenye mwanga, anavipaka tena. Nimemwambia safari ni Alhamisi, kaka, bado siku tano. Ameinama tu, anaendelea kusugua.

Shangazi yako